Minne au Minane? Mkataba wa Jeshi na Deni la Utumishi

Jumapili moja jioni nilikuwa nafunga duka langu la steshenari hapa Moshi mjini, simu ikalia. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kibosho, ametuma PDF kutoka Texas. Chini yake kaandika: "Shikamoo mamdogo. Nimesaini jeshi. Miaka minne tu. Naomba umchapie mama asome."

Huyu kijana alipata grinikadi, kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, kwa bahati nasibu, akaondoka na begi moja na mfuko wa unga wa ndizi, akafanya kazi ghalani usiku, na sasa jeshi. Niliwasha mashine nikachapa. Kabla sijazibana na pini nikapitisha macho, na pale panapoeleza muda wa utumishi nikasimama. Neno "minne" lipo, hakudanganya. Ila mbele yake limetangulia "minane". Imeandikwa kwamba anajiandikisha kwa miaka 8, kati ya hiyo 4 ni ya utumishi wa muda wote, na 4 ataitumikia katika jeshi la akiba.

Dada hakutaka kurasa. Alitaka jibu la swali moja: anarudi lini?

Nilikaa na makaratasi yale siku tatu, kati ya mteja wa kopi na mteja wa laminesheni. Pale dukani nimeshahudumia vijana wengi wa jeshi, wale wanaoskani vyeti ili waende JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na wale wanaotafuta nafasi JWTZ, Jeshi la Wananchi. Nikaona kwamba wa huku na wa kule tunakosea mahali palepale. Mkataba wa jeshi tunausoma kama mkataba wa kazi.

Nianze na hiyo hesabu, maana ndiyo iliyomnyima dada usingizi.

Karatasi yenyewe inaitwa Fomu DD 4. Kila anayejiandikisha kama askari wa kawaida katika majeshi ya Marekani, wa nchi kavu, wa majini au wa anga, anapita kwenye fomu hiyohiyo. Sheria yao inasema mtu anayeingia jeshini mara ya kwanza anabeba deni la utumishi lisilopungua miaka 6 wala kuzidi 8, na fomu inalitaja kuwa 8. Ukisaini kuvaa kombati kila siku kwa miaka mitatu, minne au sita, jumla ni ileile minane. Ni kama mkopo wa VICOBA: marejesho unaweza kuyapanga ya wiki au ya mwezi, mkopo haupungui.

Miaka inayobaki baada ya kuvua kombati mtu anaweza kuitumikia katika vikosi vya akiba vinavyofanya mazoezi wikendi, au anawekwa katika daftari ambalo Wamarekani huliita IRR. Huyu wa IRR hana kambi, hana kwata, hana mshahara. Anaishi kwake, anafanya kazi yake, anafuga ndevu akitaka. Anachodaiwa ni kuhakikisha jeshi lina anwani yake ya sasa na kuitika akiitwa. Wengi huimaliza miaka hiyo bila kusikia lolote, ndiyo maana mtaani husema "nilitumikia minne" na hawasemi uongo mkubwa.

Lakini kuna walioitwa. Mwaka 2004, vita vya Iraq vikiwa vimepamba moto, Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitangaza kuwaita watu wapatao 5,600 kutoka katika daftari hilo. Walikuwa watu waliokwisha kuoa, kufungua biashara, kuanza chuo. Barua ikafika nyumbani. Hapakuwa na hila yoyote ndani yake: ilikuwa imeandikwa kwenye fomu waliyosaini wakiwa na miaka kumi na minane.

Na hata hiyo minane ina mlango wa nyuma. Fomu inasema vita vikitokea, muda wa askari unaendelea mpaka miezi sita baada ya vita kwisha, isipokuwa rais wao akiukatisha mapema. Mbali na hilo kuna utaratibu wa kuzuia watu kuondoka pale jeshi linapowahitaji. Emiliano Santiago, askari wa Walinzi wa Taifa wa jimbo la Oregon, alisaini miaka minane mwaka 1996. Ilipokaribia kwisha mwaka 2004 akaambiwa haondoki, kikosi chake kinapelekwa Afghanistan. Tarehe mpya iliyoandikwa kwenye kumbukumbu zake ilikuwa Desemba 2031. Akaenda mahakamani, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa ikasema serikali ilikuwa ndani ya sheria. Ile 2031 ilikuwa tarehe ya kiofisi tu, ya kujazia nafasi, wala haikuwa na maana kwamba angekaa mpaka siku hiyo. Hata hivyo jaribu kumweleza mama wa Kibosho maneno "tarehe ya kiofisi tu".

Kwa hiyo nilimjibu dada hivi: mshahara wa kila mwezi ni miaka minne, jina daftarini ni miaka minane, na kalamu ya daftari hatuishiki sisi. Akanyamaza. Kisha akauliza kama pensheni nayo ni ya miaka minne. Hapana. Malipo ya uzeeni ya kila mwezi huanza kufikiriwa mtu akitimiza miaka 20 ya utumishi. Anayetoka baada ya minne anaondoka na akiba aliyochangia mwenyewe, na sehemu ambayo serikali imemwongezea kwa mpango ulioanza 2018.

Sasa, kwa nini jeshi liwe na nguvu ya kukushika hivyo? Mwajiri wa kawaida hawezi. Mwenye hoteli hapa mjini akikuajiri miaka miwili, hawezi kukuambia mwezi wa ishirini na nne kwamba bado anakuhitaji mpaka 2031. Fomu yenyewe inajibu, tena bila kuzunguka. Inasema kujiandikisha ni zaidi ya makubaliano ya ajira, kwa sababu kunambadilisha mtu hali yake, kutoka raia kuwa mwanajeshi. Mistari michache chini yake inaongeza kwamba sheria zinazowahusu wanajeshi zinaweza kubadilika bila wewe kuarifiwa, na mabadiliko hayo yanaweza kugusa cheo, mshahara, posho na wajibu wako, hata kama mkataba ulisema vingine.

Nilipofika hapo nilimpigia baba mkubwa, anayeishi juu kidogo ya dada. Alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 akitokea mgambo, akarudi na kovu la goti ambalo hupenda kuwaonyesha wajukuu. Nikamsomea kile kifungu kwa Kiswahili changu. Akacheka. "Wewe ulidhani nini? Jeshini huachi kazi. Unaachiwa." Nikamuuliza yeye alisaini nini. "Sisi tulipigiwa ngoma tukapanda lori."

Kauli yake ya kuachiwa ni sheria kamili, hapa kwetu pia. Ukifukuzwa kazi dukani, hotelini au kiwandani, unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unalindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Fungua sheria hiyo mwanzoni kabisa, kifungu cha pili, utakuta orodha fupi ya wasiohusika: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Wanne hao wamewekwa nje ya uzio. Mwanajeshi wa JWTZ anatawaliwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, ambayo ndani yake imo kanuni nzima ya nidhamu ya kijeshi na mahakama zake. Notisi ya mwezi mmoja uliyoizoea huku kwetu haipo. Chama cha wafanyakazi hakipo. Asubuhi ukiamka hutaki tena, hilo halina jina la kisheria, mpaka uanze kutoonekana kazini, ndipo linapata jina.

Kwa Wamarekani majina hayo ni mawili, na tofauti yake ni kubwa. Kuna kutokuwepo bila ruhusa, na kuna kutoroka jeshi. La pili linahitaji nia ya kutorudi, au ya kukwepa wajibu wa hatari. Kwa kawaida askari akipotea siku 30, kiofisi anaanza kuhesabiwa kuwa mtoro, na hapo taarifa zake zinakwenda kwa polisi wa kiraia pia. Kijana anayedhani atapanda basi kwenda kwa shemeji yake jimbo la pili na mambo yataisha, atakamatwa siku atakaposimamishwa barabarani kwa taa ya gari iliyokufa.

Haya, ahadi za mdomo. Hapa ndipo ningependa kila mzazi asome mara mbili.

Mpwa wangu alinihakikishia kwamba ameahidiwa bonasi, kazi ya ufundi wa mitambo, na chuo bure. Nikamwambia nionyeshe. Akasema ameambiwa. Nikamwambia nionyeshe palipoandikwa. Kimya cha nusu saa, halafu: "Mamdogo, afisa usajili ni mtu mzuri sana."

Sina shaka ni mtu mzuri. Lakini Fomu DD 4 ina sentensi imechapwa kwa herufi kubwa, kana kwamba aliyeitunga alikwisha kuchoshwa na kesi. Maana yake ni kwamba makubaliano yaliyo kwenye fomu na viambatisho vyake ndiyo ahadi zote za serikali, na chochote kingine alichoahidi mtu yeyote si halali na hakitatekelezwa. Unaweka hata herufi za kwanza za jina lako pembeni kuthibitisha kwamba umeelewa. Kwa hiyo kazi ya ufundi iwe kwenye kiambatisho. Bonasi iwe kwenye kiambatisho, pamoja na kiasi, masharti, na lini inalipwa. Kituo cha kazi kama umeahidiwa, vilevile. Ambacho hakimo ni maongezi.

Hata kilichomo kina meno yake. Bonasi ni malipo ya kutimiza muda. Ukishindwa kuutimiza kwa kosa lako, sehemu ambayo hujaitumikia inaweza kudaiwa irudishwe. Kazi uliyoandikiwa inategemea kufaulu mafunzo yake, ukianguka unapelekwa jeshi linakohitaji mtu, na deni la miaka halipungui hata siku moja. Tena mwenye grinikadi ana orodha fupi ya kazi, kwa sababu zile zinazohitaji kibali cha kuona siri za serikali ni za raia wao, na uofisa pia. Chuo ni kweli kipo. Mpango wa elimu unaoitwa GI Bill, huu wa baada ya 2001, hutoa kiwango kamili kwa aliyetumikia miezi 36, akalipiwa masomo ya miezi 36. Lakini anayetoka njiani anapata kwa mafungu, na namna ya kutoka ina uzito wake, nitafika huko.

Ahadi za mdomo zinauma hapa nyumbani kuliko tunavyokiri. JKT wakitangaza nafasi za kujitolea, tangazo lenyewe huwa linasema bila kificho kwamba jeshi hilo halitoi ajira wala halitamtafutia kijana ajira. Linatoa mafunzo ya miaka miwili ili akajitegemee. Mstari huo huwa uko chini ya tangazo, na nimewahi kumsomea kijana kwa sauti pale kaunta. Alinitazama kama mtu anayesomewa masharti ya dawa ya kikohozi. Kichwani kwake Oljoro, kambi ya JKT, ni mlango wa JWTZ. Na si mjinga, kwa sababu JWTZ wakitangaza nafasi huwataka waliopitia JKT. Lakini kupita mlangoni si kuahidiwa kiti ndani. Aprili 2021 mikataba ya vijana 854 wa JKT ilisitishwa baada ya kuandamana wakidai ajira ya jeshi ambayo walisema waliahidiwa. Yaliyofuata ni habari nyingine. Hapa nataka uone kitu kimoja tu: mkataba waliokuwa nao haukuwa na ajira ndani yake, na mkataba huohuo ndio uliokatwa.

Wapo vilevile wasio na mkataba kabisa. Kijana wa kidato cha sita anayeitwa JKT kwa mujibu wa sheria hajasaini chochote, sheria ndiyo imemsainia. JKT ilianzishwa 10 Julai 1963 ikiwa ya hiari. Ilipofanywa lazima kwa wasomi, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966, wakilalamikia muda na makato ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawafukuza chuo, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Utaratibu huo wa lazima ulisitishwa 1994, ukarudishwa 2013, na sasa ni miezi mitatu ya kambini. Wazazi wanaouliza dukani "mwanangu amesaini miaka mingapi?" wakati mtoto kaitwa kwa mujibu wa sheria, nawajibu kwamba hakuna saini, na hakuna deni la miaka linalobaki pale kambini. Aliyejitolea miaka miwili ndiye mwenye karatasi ya kusoma.

Turudi Texas, maana kuna dirisha moja dogo ambalo nilitaka mpwa wangu alijue kabla halijafungwa.

Kwa Wamarekani mtu huapa mara mbili. Mara ya kwanza anaingizwa katika mpango wa kusubiri, ambao unaweza kuchukua hadi siku 365. Yuko nyumbani, anaendelea na kazi yake ya ghalani, anangoja zamu ya kwenda depo, kambi ya mafunzo ya mwanzo. Siku ya kuondoka anarudi kwenye kituo cha kupokelea, anapimwa tena afya, anasaini sehemu ya mwisho ya fomu na kuapa mara ya pili. Kati ya viapo hivyo viwili, mtu aliyebadili mawazo anaandika barua kuomba aondolewe, na kwa desturi yao anaachiwa. Kwenye karatasi imeandikwa kwamba anaweza kuitwa kazini wakati wowote akiwa anasubiri, na wapo vijana wanaotishwa kwa mstari huo, kwamba watakamatwa au hawatapata kazi maisha yao yote. Desturi si hiyo. Baada ya kiapo cha pili ndipo maneno ya baba mkubwa yanaposhika: huachi, unaachiwa.

Mpwa wangu yuko katikati ya viapo. Sikumwambia ajitoe. Ana miaka 23, na kuna mambo shangazi na mama wadogo hatuna kura. Nilimwambia dirisha liko wazi, alitumie kupata viambatisho vyake mkononi, maana nguvu ya kuomba kiandikwe ulichoahidiwa unayo kabla ya kiapo cha pili. Baada ya hapo unaomba kama mwanajeshi, kwa kupiga saluti kwanza.

Na kutoka kwenyewe kuna madaraja. Mtu anaweza kutoka kwa heshima, au kwa heshima yenye dosari, au kwa namna isiyo ya heshima. Chini kabisa kuna madaraja mawili mabaya ambayo hutolewa na mahakama ya kijeshi pekee. Daraja hilo linaandikwa kwenye cheti cha kuachishwa, na cheti kinaombwa na waajiri, vyuo na mabenki. GI Bill niliyoitaja inataka aliyetoka kwa heshima kamili. Ile yenye dosari, ambayo nje inaonekana karibu sawa, haitoshi. Vijana huambiana kwamba "kutoka ni kutoka". Si kweli.

Kwa mhamiaji daraja linagusa mpaka uraia. Sheria ya Marekani inawapa wanajeshi njia ya mkato: kwa amri ya rais wao ya mwaka 2002, waliotumikia kuanzia 11 Septemba 2001 wanaweza kuomba uraia bila kungoja miaka mitano ya kawaida ya mwenye grinikadi. Hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya vijana wetu wa diaspora waingie jeshini. Ambacho hawasimulii ni kwamba uraia uliopatikana kwa njia hiyo unaweza kufutwa ikiwa mtu ataondolewa kwa namna isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Kumbuka mpwa wangu kasaini minne ya muda wote.

Halafu kuna upande wetu. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa kwetu, kwa Sheria ya Uraia ya 1995. Hapo dada alinikatiza: na kihamba, shamba letu la ukoo? Ni mtoto wa kiume wa mwisho, ndiye wa kurithi nyumba na migomba ya babu yake, makaburi yako pale. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko yanayoleta hadhi maalumu kwa watu wa nje wenye asili ya Tanzania, na ardhi imo katika yaliyoguswa. Nikamwambia dada asilie wala asishangilie, apeleke swali kwa wakili mjini akiwa na nakala ya hati, na ukoo ukae chini kabla kijana hajaapa kuwa Mmarekani, kwa kuwa mambo ya kihamba yakiamuliwa kwenye msiba huwa hayaamuliki.

Kuna na hili, sikulifurahia lakini nililisema. Januari 2023, baada ya kijana Mtanzania aliyekwenda kusoma Urusi, akafungwa huko, kuuawa vitani Ukraine akiwa na Wagner, kundi la mamluki la Urusi, serikali yetu ilisema hadharani kwamba sheria za nchi haziruhusu raia kujiunga na jeshi la nje. Yule alipewa mkataba gerezani: pigana, utoke. Mpwa wangu si mfungwa na Marekani si Wagner. Ila mpaka leo ni Mtanzania mwenye grinikadi, pasi yake ni ya hapa. Hilo nalo liwe kwenye orodha ya kumuuliza wakili, tena litangulie lile la kihamba.

Jambo la mwisho kwenye makaratasi dada alikataa kulisikia. Ni bima ya maisha. Mwanajeshi wa Marekani huwekewa bima ambayo tangu Machi 2023 inafika dola 500,000, na yeye mwenyewe huandika nani alipwe akifa. Vijana wengi hujaza fomu hiyo wakiwa wamechoka, siku za kwanza za depo, wakaandika jina la mchumba wa miezi mitatu. Nilimwandikia mpwa wangu moja kwa moja: jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, herufi kwa herufi. Siyo jina la ubatizo tunalomwitia nyumbani, wala "Mama" na jina la mtoto wa kwanza. Dada alipoona nimeandika ujumbe huo alitoka nje kulisha kuku ambao walikuwa wameshalishwa.

Wiki iliyofuata PDF nyingine ikaingia, kurasa tatu. Kazi ya ufundi imo, na namba yake. Elimu imo. Bonasi haimo. Afisa usajili, mtu mzuri sana, amesema ataifuatilia. Mpwa wangu kamjibu kwamba atasubiri iandikwe, na tarehe ya kwenda depo imesogezwa mbele.

Nilikuwa nachapa kurasa hizo alipoingia kijana mmoja wa Pasua na cheti cha JKT ndani ya bahasha ya kaki. Anataka nimchapie barua ya kuomba nafasi JWTZ, haraka, amelipia bodaboda inamsubiri. Nikamuuliza kama amesoma tangazo. Amelisoma. Lote? Akalitoa kwenye simu, tukalipitia wote wawili mpaka palipoandikwa kwamba maombi yaandikwe kwa mkono. Kisha akaniuliza kama ni kweli kuna afande wa Arusha anayepokea laki tano "kusogeza jina". Nikamwambia jeshi haliuzi nafasi, na kila likitangaza huonya kuhusu matapeli wa aina hiyo, mstari uko humohumo kwenye simu yake. Akausoma. Nikampa karatasi mbili za mistari na kalamu, akaketi kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akaanza kuandika anwani ya kwanza upande usiofaa.